Tupeane uzoefu: mtoto kaungua na pampasi, ulijuaje ni nini?

Mama Kijana
Habari zenu wadau. Kila ukisoma kuhusu upele wa nepi unaambiwa angalia wekundu. Sasa wangu ni mweusi tii, wekundu sijauona hata siku moja. Nilichoona ni makalio kuiva rangi ya zambarau, ngozi inang'aa na imevutika, ukigusa ina joto, na nikimfuta anajikunja kwa kilio. Leteni ya kwenu: ulikaa wapi, ulionekanaje, ulianza baada ya nini. Majina ya dawa baadaye jamani, kwanza tujue tunachokiangalia.

Binti Makorora
Wa kwangu ulitokea baada ya safari ya basi Tanga hadi Dar, joto lile na pampasi imeshiba mkojo. Ulikaa kwenye makalio, kinena na mapaja kwa juu, yaani pale palipotuna panapogusana na nepi. Ndani ya mikunjo ya mapaja kulikuwa safi kabisa. Ngozi ilikuwa kavu, imekwaruzika, sehemu nyingine imeanza kuchubuka. Nilimwacha wazi juu ya kanga mchana kutwa, akinya namwosha kwa maji ya vuguvugu tu, nakausha kwa kugusagusa bila kusugua, halafu vaselini nene kabla ya kumvalisha. Ndani ya siku chache ukatulia.

Baba Mapacha
Naomba nieleze kwa kirefu maana huu wetu ulitusumbua. Mmoja wa mapacha alipewa antibayotiki kwa ajili ya kifua. Kifua kikapona, akaanza kuharisha, kisha upele. Mwenzake anayelala naye kitanda kimoja hakuwa na kitu. Tukapaka vaselini na kubadilisha pampasi kila baada ya muda mfupi, lakini wapi.

Mchana mmoja nikamlaza karibu na dirisha, nikafungua mkunjo wa paja kwa vidole viwili. Ndani kule ndiko kulikokuwa na shughuli yenyewe: pekundu pabichi, pana unyevu, mpaka wake unaonekana kabisa. Nje ya mpaka kulikuwa na vipele vidogo vidogo vimetawanyika kimoja kimoja hadi tumboni. (Hawa wetu ni weupe kiasi, ndiyo maana wekundu ulionekana.) Mganga wa zahanati hakuishia chini, alimfungua mdomo. Ulimi na mashavu kwa ndani vilikuwa na utando mweupe tuliodhani ni maziwa, ila maziwa yanafutika na huu haukutaka. Fangasi. Akapewa klotrimazoli ya kupaka chini na nistatini ya matone mdomoni, na mama yao akaangaliwa chuchu kwa sababu zilikuwa zinamchoma akinyonyesha.

Binti Likoni
Poda! Mama mkwe alinijia na kopo zima. Poda ikichanganyika na jasho hufanya madonge ndani ya mikunjo, na mtoto huivuta vumbi lake puani. Nililipokea kwa heshima zote nikaliweka juu ya kabati, liko huko mpaka leo.

Nesi wa Kata
Baba Mapacha umeeleza vizuri sana. Mzazi akinijia kliniki, la kwanza namuuliza mikunjo ikoje. Ikiwa salama na palipotuna ndipo pameathirika, nafikiria mkojo na choo vimeunguza ngozi. Mikunjo ikiwa imeshika na kuna vile vipele vya pembeni, hasa kama umepaka na kubadilisha kwa siku mbili tatu bila nafuu, nafikiria fangasi. Kuna na ule wa duara kuzunguka njia ya haja kubwa, mtoto analia akitaka kunya, pengine choo kina damu kidogo. Huo mara nyingi ni bakteria, na kwa kawaida hutaka dawa ya kumeza.

Mkiona malengelenge, usaha, magamba ya njano yenye majimaji, au homa, msisubiri. Na kichanga wa wiki za mwanzo mwenye malengelenge aje siku hiyohiyo.

Jambo linaloniudhi ni zile tyubu za dawa tatu kwa moja zinazouzwa madukani kama karanga. Soma boksi: ukikuta betamethasoni (steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi), usimpake mtoto bila kuandikiwa. Nepi inaifunika, dawa inazama zaidi kuliko ilivyokusudiwa, ngozi inakuwa nyembamba. Siku mbili utaona maajabu, kisha fangasi inarudi na hasira.

Mzee wa Nepi za Kitambaa
Sisi hatujui pampasi ila tuliungua vilevile. Upele ulifuata mchoro wa nepi hadi kwenye mkanda wa kiunoni. Ilikuwa sabuni ya unga yenye manukato, na suuza moja kwa kuogopa bili ya maji. Tukahamia sabuni ya kipande, suuza hadi maji yatoke hayana povu, kisha kamba ya juani. Ukaisha.

Mama Kijana
Nyongeza kwa wenye watoto weusi: wa kwangu ulipopona uliacha madoa meupe. Shangazi akaanza kunong'ona kuhusu mbalanga. Rangi imerudi yenyewe polepole, sikupaka kitu.

Mgeni Mpole
Samahani kwa kudandia. Wangu ana upele kwenye nepi lakini pia magamba ya njano yenye mafuta kichwani, na kwapani na nyuma ya masikio kumeshika. Analala vizuri, hajikuni. Nayo ni pampasi?

Nesi wa Kata
Pampasi haifiki kichwani mama. Hiyo inafanana na ukurutu wa mafuta wa watoto wachanga, lakini siwezi kuthibitisha kwa maandishi. Mpeleke, na usimpake kitu asubuhi ya kwenda ili waione ilivyo. Kama kliniki ni mbali, piga picha mchana karibu na mlango bila flashi, za kichwa, kwapa na mkunjo wa paja. Flashi inaua rangi yote, hasa kwa ngozi zetu.