Mlituhubiria tuhamie Mastodon, tumehama, seva imezimwa. Sasa mko wapi?

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "Linux ipi nzuri kwa anayeanza" (ule mfumo endeshi wa bure, mbadala wa Windows), maana huo ndio ulioniponza.

Nina steshenari Morogoro. Kuchapa, kutoa kopi, picha za pasipoti. Mei 2025 X (Twitter ya zamani) ilipofungwa nchini, humu ndani mkaja juu: dawa ni Mastodon, mtandao wa kijamii unaoendeshwa na seva nyingi za watu mbalimbali, kila seva ikitunza kurasa za watu wake. Mkatupa na historia: kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko, kaianzisha 2016, haina tajiri mmoja, hakuna wa kuja kuinunua kama Musk alivyoinunua Twitter 2022. Nikauliza, seva nichague ipi? Jibu: "Yoyote tu mkuu, ni kama barua pepe, wa Gmail si anaandikiana na wa Yahoo?"

Yoyote tu. Nikachagua yoyote.

Nikaanza kuweka masomo mafupi ya Excel kwa Kiswahili. Hesabu za kikoba: hisa, mkopo, riba, faini ya aliyechelewa kikao, jedwali linajijumlisha lenyewe. Kupanga alama za darasa bila kuhesabu kwa vidole. Masomo 86, kila moja na picha yake niliyoikata na kuichorea mshale mwekundu usiku baada ya kufunga duka. Wafuasi walikuwa 200 na ushee. Mnaweza kucheka, lakini walikuwa wananiuliza maswali ya maana, sio "nipe link".

Mwezi uliopita asubuhi nafungua, ukurasa haupo. Nikadhani bando limekata. Nikanunua jingine. Wapi! Baadaye mtu ananiambia mwenye seva alitoa tangazo wiki tatu nyuma, mara moja, kwamba gharama zimemshinda. Kipindi hicho mimi nilikuwa nazama kwenye tafiti za wanachuo, kuhariri na kujalidi, hata kula nakula nimesimama. Yeye simlaumu sana, alikuwa akilipia mfukoni mwake. Nawalaumu ninyi mliokuwa mnajua.

Kwa sababu mlijua! Mlijua kwamba ili uhame, seva ya zamani lazima iwe bado hai. Mlijua kwamba ukihama wafuasi wanakuja nawe ila machapisho yanabaki kule kule. Mlijua unaweza kupakua kumbukumbu zako zote, lakini huko uendako hakuna pa kuzipandisha zikarudi kuwa ukurasa. Na kubwa kuliko yote, tangu 2019 seva zinazotaka kuorodheshwa kwenye tovuti rasmi ya Mastodon lazima ziahidi kutoa notisi ya miezi mitatu kabla ya kufunga, na kutunza nakala kila siku. Yangu haikuwamo kwenye orodha hiyo. Kulikuwa na ugumu gani kuniambia "chagua iliyo kwenye orodha"? Sentensi moja. Badala yake "yoyote tu mkuu".

(Wazee humu wanakumbuka 1972, tulitangaziwa madaraka yanakwenda mikoani, papo hapo halmashauri za wilaya zikafutwa. Ndiyo maana mkisema Mastodon "imegatuliwa", nikisikia neno kugatua huwa nashika mfuko.)

Nikaleta kilio changu humu. Jibu la kwanza: "Pole, ila ulichagua vibaya." La pili: "Ungesimamisha seva yako mwenyewe." Mimi? Huku umeme unakatika nikiwa katikati ya kuprinti? La tatu: "Njoo Bluesky," mtandao mwingine wa aina hiyo. Ndugu yangu, wengi wa Bluesky wamo kwenye seva za kampuni hiyo hiyo moja, sasa hapo nimehama nini?

Na kwenye mfumo endeshi ni yale yale. Windows 10 ilipofikishwa mwisho wa masasisho 14 Oktoba 2025, kompyuta zangu mbili za mtumba, Intel kizazi cha 6, hazikubaliki Windows 11. Nikauliza humu niweke nini. Majibu 40! Mint, Ubuntu, Debian, Fedora, zote aina za Linux, mmoja akasema Arch, ile ya wataalamu, kwa mtu wa steshenari. Nikaweka Mint kwenye moja. Printa ikagoma. Nikarudi kuuliza: majibu mawili, moja likisema "soma wiki", yaani kurasa za maelezo mtandaoni. Kwenye kuchagua mko 40, printa ikigoma mko wawili, na mmoja wenu ananitukana. Fundi wa mtaani kaitazama skrini kidogo tu akasema hiyo peleka chuo.

Printa nikaitengeneza mwenyewe kwa siku mbili. Siku ya tatu akaja binti na wasifu wake kwenye flashi, anawahi usaili. Kwake ulikuwa kurasa mbili, kwangu ukafunguka tatu: fonti aliyoandikia haimo kwenye mashine, maneno yakatanuka, picha yake ikarukia ukurasa wa pili ikakaa juu ya wadhamini. Kasimama dirishani na noti ya elfu mkononi anatazama saa. Nikamwelekeza duka la jirani.

Nisiwe mchoyo wa haki, kuna kitu kimoja Linux imenisaidia kweli. Flashi za wanachuo zimejaa kile kirusi kinachoficha mafolda na kuacha njia za mkato tupu. Kwenye Mint hakifurukuti. Mafaili yote yanaonekana, nafuta takataka, narudisha flashi safi. Ndiyo maana sijaitoa. Mashine ya Mint inapokea flashi, ile ya Windows 10 nimeing'oa intaneti, inachapa na kuprinti tu. Huo mpango hakuna hata mmoja kati ya wale 40 aliyenipa.

Masomo 86 yamekwenda. Picha ninazo 31 kwenye simu, maelezo sina. Kama kuna aliyekuwa ananifuata kule akahifadhi lile la faini za kikoba, aje inboksi, hilo lilinichukua siku tatu. Wa "ulichagua vibaya" wapite kimya, leo sina breki.