Naomba ushauri: watoto wa minyoo wananivurugia hesabu ya umri
Wakuu habari zenu, nimekwama. Napima umri wa viminyoo vya C. elegans kwenye projekti yangu ya kuzeeka, nalinganisha wa kawaida na wenye jeni ya daf-2 iliyobadilika, wale tangu 1993 inajulikana wanaishi karibu mara mbili. Joto nyuzi 20, chakula bakteria OP50. Shida wanataga sana, watoto wakikua sijui mzee ni yupi, na nikiwahamisha kila siku sahani mpya wengine wanaumia, wengine wanapanda ukuta wa sahani wanakauka. Kuna dawa ya FUDR inazuia watoto ila naogopa isije ikabadilisha umri wenyewe, na ndo ninachopima! Niitumie au niendelee kuhamisha mpaka waache kutaga? Na hao waliokauka nawahesabuje?