Paa la asbesto shuleni: wazazi tushushe wenyewe likizo hii au tuache?

Kipanga wa Reli (mleta mada):
Wakuu, kwema? Shule ya msingi anaposoma mwanangu ina madarasa saba ya zamani, yote yameezekwa asbesto tangu miaka ya 70. Mawili yanavuja. Jumamosi kikao cha wazazi kimepitisha kwamba likizo ya Desemba tushushe wenyewe. Kila kaya itoe mtu mmoja na 15,000 ya bati jipya. Mwenyekiti akasema, "Ni kuvunja tu, siku mbili haziishi." Nikanyoosha mkono nikasema kile kitu kina sumu, nikaambiwa nakwepa mchango. Naomba hoja zenu: wazazi tushushe, tusubiri halmashauri, au yaachwe kama yalivyo? Shule siitaji, msinichimbe.

Mwl. Mstaafu:
Nimefundisha miaka 34 chini ya asbesto. Mbona nipo? Darasa lenye asbesto lina ubaridi mzuri. Hilo bati lenu jipya, mvua ikianza mwalimu anabaki kuchezesha midomo kama samaki, hasikiki hata dawati la kwanza. Yaachwe. Watoto wa siku hizi mnaogopa hata kivuli.

Sista Nuru:
Shikamoo mwalimu. Kuhusu kelele za bati uko sahihi kabisa, na mimi nimesoma hivyohivyo. Lakini "mbona nipo" siyo kipimo. Vumbi la asbesto halileti homa wiki ijayo. Saratani ya utando wa mapafu, mesothelioma, inaweza kukaa miaka 20 mpaka 50 ndiyo ijitokeze. Zimeandikwa sana habari za wake za wafanyakazi wa viwanda vya asbesto huko Ulaya: hawakukanyaga kiwandani, kazi yao ilikuwa kukung'uta na kufua ovaroli za waume zao. Wakaugua.

Mwl. Mstaafu:
Marahaba. Ila mimi sikufua ovaroli ya mtu.

Kengele Haina Mlio:
Tatizo mnachanganya. Kuna ya bluu na nyeupe. Ya bluu ndiyo mbaya, nyeupe haina neno. Mapaa yetu mengi ni nyeupe. Marekani wenyewe wanaitumia mpaka leo, wangekuwa wajinga?

Sista Nuru:
Shirika la Afya Duniani linasema aina zote zinaleta saratani, bluu, kahawia na hiyo nyeupe yako. Na Marekani wameipiga marufuku nyeupe 2024. Walijaribu 1989, mahakama ikatengua sehemu kubwa 1991. Habari zako za zamani, kengele kweli haina mlio.

Kengele Haina Mlio:
Kumbe ilichukua miaka 35 kuamua. Halafu sisi tuamue kwenye kikao cha wazazi Jumamosi moja 😂

Nyali Boy:
Hapa Kenya ilipigwa marufuku 2006. Lakini marufuku haishushi paa, jamani. Ukitembea mitaa ya zamani ya serikali bado unayaona juu, yameota ukungu wa kijani. Kushusha mpaka mwenye leseni, na bei yake utadhani anakujengea nyumba mpya. Hiyo bei ndiyo inafanya watu washushe kimyakimya.

Eng. Mchoro:
Wadau, hili ni suala la kitaalamu, hisia tuweke pembeni. Bati la asbesto kwa kawaida ni saruji kwa sehemu kubwa, nyuzi zenyewe ni kama asilimia 10 hadi 15. Likiwa zima, halijaanza kumumunyuka, hatari yake kwa anayekaa chini ni ndogo. Hatari inakuja linapokatwa, kutobolewa, kuvunjwa au kufagiliwa likiwa kavu. Ndiyo maana kazi hii siyo ya kumpa fundi wa darasa la saba na nyundo yake. Itafutwe kampuni yenye wataalamu.

Fundi Bati:
Darasa la saba nipo hapa. Uliniita?

Eng. Mchoro:
Sikumtaja mtu, mkuu. Nilisema kwa ujumla.

Fundi Bati:
Kwa ujumla ndiyo mimi huyo. Nimepaua tangu 1998. Maengineer nimefanya nao kazi, wanakuja saa nne na viatu vinang'aa, wanasimama chini wanakunja shingo, wanapiga picha, wanaondoka. Juu ya kenchi huwaoni.

Mtu wa Mwisho Foleni:
Engineer, nyumba unayolala kaijenga nani? Jibu bila kumpigia fundi simu 🤣

Eng. Mchoro:
Kaijenga fundi. Na ina nyufa tatu.

Fundi Bati:
Ulimpa simenti mifuko mingapi? Tuanzie hapo.

Mtu wa Mwisho Foleni:
Uwiiii. Mada imehama, wekeni viti.

Mama Watatu:
Jamani, mtu ameuliza kuhusu watoto, nyie mnapimana vyeti. Fundi, badala ya kununa tuambie wewe ulishushaje.

Fundi Bati:
Mama, nakuheshimu, ngoja niseme. 2009 tulipewa ghala tulishushe. Tulifanya kama huyo mwenyekiti anavyotaka: nyundo, piga, vunja, tupa chini. Vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Mchana tukala wali palepale chini, jioni saidia fundi wakafagia kwa ufagio wa chelewa. Siku ya pili kijana mmoja akakanyaga katikati ya bati. Yale hayakutangulizii mlio, hayakunji kama bati la chuma, yanaachia tu. Alivunjika nyonga. Kwa hiyo wanaosema hatari ni miaka 50 ijayo, kuna hatari ya dakika hiyohiyo pia.

Baadaye nikaitwa kwenye jengo moja ambalo msimamizi alikuwa mkali. Nikaona tofauti. Kwanza tulifunga eneo, hakuna mtu wala kuku kupita. Mtu mmoja alivaa mgongoni bomba la kunyunyizia dawa, lile la pamba, ndani maji na sabuni ya maji kidogo ili yashike. Bati linalowanishwa kabla hujaligusa, na linabaki limelowa mpaka mwisho. Boliti zile zimeshika kutu na washa ya lami. Ukilazimisha kuzungusha bati linapasuka, kwa hiyo unakata kichwa cha boliti taratibu kwa mkono, grinda marufuku. Unatembea juu ya ubao uliolazwa kwenye papi, hukanyagi bati. Linashuka zima, mkono kwa mkono, watu wawili, halitupwi. Chini linafungwa kwenye nailoni nzito mara mbili, linabandikwa maandishi. Vipande vidogo unaokota, halafu unafuta kwa kitambaa kibichi, na kitambaa nacho kinaingia kwenye nailoni. Ovaroli haiendi nyumbani.

Sasa Engineer niambie ni wapi hapo kidato cha nne kilihitajika.

Eng. Mchoro:
Lakini hicho ndicho nilichokisema!

Fundi Bati:
Hukusema hicho. Ulisema darasa la saba.

Mwl. Mstaafu:
Fundi kashinda. Na huyo engineer pengine nilimfundisha mimi.

Mama Watatu:
Na barakoa? Nina boksi zima za bluu zilizobaki wakati wa korona, naweza kutoa kwa wazazi.

Sista Nuru:
Usitoe, dada. Zile pembeni ziko wazi na hazichuji nyuzi ndogo namna hiyo. Inatakiwa ile nzito ya daraja la P3, inayobana uso pande zote. Mwenye ndevu haimbani vizuri, anyoe kwanza.

Kengele Haina Mlio:
Basi kazi imekufa. Wazazi 200, barakoa 200 za P3, na nusu ya baba zetu wa msikitini nani atawanyoa ndevu? Ndiyo nawaambia yaachwe, mnatafuta ugonjwa uliolala.

Mtu wa Mwisho Foleni:
Kwani nani kasema wapande 200? Wapande sita. Wengine wapike.

Mama Watatu:
Mbali na hapo. Fundi kasema wao walikula palepale kwenye vumbi.

Wa Bukavu:
Ndugu zangu, huku tunaziita eterniti. Majirani zetu Rwanda wameanza kampeni ya kuziondoa zaidi ya miaka 10 sasa, mwenye nyumba anajigharamia, na malalamiko ni ya gharama tu, hakuna anayebisha kuhusu sumu. Swali ambalo hamjauliza: mkishashusha, mnapeleka wapi? Haiungui, haiozi. Ni ya kuzikwa, shimo maalumu, na mahali paandikwe ili mtu asije kuchimba msingi hapo.

Binti Kisarawe:
Hii comment imenitoa jasho. Kwa bibi yangu banda la kuku limezungushiwa hivyo vipande. Alivipata bure shule ilipoezekwa upya. Mayai tunakula kila siku, tumekwisha?

Kengele Haina Mlio:
Mayai ya asbesto hayapasuki 😂😂

Sista Nuru:
Kula mayai yako. Ubaya wake ni wa kuvuta kwa pumzi, hauingii kwenye yai. Ila msivigonge misumari, msivikwaruze, na banda likivunjwa muite mtu kama Fundi.

Binti Kisarawe:
Bibi anasuguliasugulia sufuria kwa kipande kimoja. Anasema kinang'arisha kuliko mchanga.

Sista Nuru:
Mpokonye leo. Kiloweshe kwanza.

Binti Kisarawe:
Wewe humjui bibi yangu.

Kipanga wa Reli (mleta mada):
Wakuu, nimetoka kazini nakuta kurasa tatu za ovaroli, nyufa na mayai. Swali langu lilikuwa wazazi tushushe au la.

Eng. Mchoro:
Jibu ni hapana. Andikeni barua kwa mhandisi wa halmashauri, nakala NEMC (baraza la mazingira) na OSHA (wakala wa usalama na afya kazini), muwaulize utaratibu wa kushusha na wapi pa kuzika. Wakati mnasubiri, watoeni watoto kwenye hayo madarasa mawili yanayovuja. Mapya matano yenye afya msiyaguse.

Mtu wa Mwisho Foleni:
"Mapya" ya miaka ya 70, engineer? Ndiyo maana nyumba ina nyufa.

Fundi Bati:
Hapo kwenye barua nakubaliana naye, japo roho inauma. Wakipata kibali, hayo madarasa mawili nashusha na vijana wangu watano kwa siku nne. Siyo mbili.

Kengele Haina Mlio:
Ahaa! Kumbe ndiyo hivyo, tenda. Bei gani?

Fundi Bati:
Bei nitampa mwenye shule, siyo mwenye mdomo.

Kengele Haina Mlio:
Elimu bila malipo tangu 2016, na bado mchango, na sasa mchango wa kushusha juu ya mchango wa kupandisha. Mzazi mwenye watoto wanne atauza nini? Hili ndilo la kujadili, siyo rangi ya asbesto.

Mwl. Mstaafu:
Hilo nalo neno. Shule yetu ilijengwa na wazazi kwa tofali za kuchoma, hakuna aliyeuza kitu.

Kengele Haina Mlio:
Waliuza mgongo, mwalimu.

Mkulima wa Kata:
Habari za jioni. Nimetumiwa huu mjadala na mtu. Mimi ndiye huyo mwenyekiti mnayemcheka tangu asubuhi. Kwanza, Kipanga nakujua, na mchango wa dawati wa mwaka jana hujamaliza. Pili, sikusema "ni kuvunja tu", nilisema tutavunja kwa utaratibu. Tatu, mimi sikai kusubiri barua, darasa la tatu wanasomea mwembeni. Jana Jumapili tumeshaanza safu ya kwanza, vijana wanne, hakuna aliyekohoa.

Kipanga wa Reli (mleta mada):
Dawati nitamalizia mwisho wa mwezi. Mwenyekiti, mmeanza? Kikao kilisema Desemba.

Fundi Bati:
Mwenyekiti, shikamoo. Tuache ya dawati. Mabati mangapi yameshuka, na mangapi yamevunjika?

Mkulima wa Kata:
Marahaba. Yameshuka sita. Yaliyovunjika mawili, siyo mengi.

Fundi Bati:
Vipande viko wapi sasa hivi?

Mkulima wa Kata:
Vikubwa vipo nyuma ya choo. Vidogo watoto wamegawana asubuhi, vinaandika vizuri sana chini kama chaki. Vilivyobaki nimewaambia zamu ya kesho wafagie.

Fundi Bati:
Wasifagie. Mwenyekiti, wasifagie. Mwagia maji palepale, weka mtu alinde. Nitumie namba yako.