Nastaafu Desemba, nataka asubuhi zangu ziwe za bahari na msitu. Nianzeje?

Mti Mkavu: Wakuu, habari za Jumapili. Nipo Kimara, nagonga 60 Desemba. Maisha yangu yote ya kazi ni kiti na kiyoyozi, naogopa nikistaafu nitageuka fanicha ya sebuleni. Nataka niwe natoka kila asubuhi, leo ufukweni Coco, kesho msitu wa Pugu. Dakika ngapi kwa wiki zinatosha? Na kutembea peku mchangani kuna faida gani hasa? Wenye matusi, uzi wa siasa uko kule.

Mnazi Mrefu: Dakika 120, mkuu. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2019, watu karibu 20,000, ulikuta waliofikisha dakika hizo kwenye mazingira ya asili walijieleza kuwa na afya njema kuliko wasiotoka kabisa. Ukizimaliza siku moja au ukizigawa, sawa tu. Ila waliulizwa kwa maneno, kwa hiyo huwezi kuapa kwamba miti ndiyo iliwapa afya; mwenye afya naye ndiye anayetoka. Usichanganye na dakika 150 za mazoezi kwa wiki za Shirika la Afya Duniani (WHO). Zile ni za kuhema, siyo kukaa chini ya mkungu na gazeti. Ukifika 65 wanaongeza mazoezi ya kushika mizani ya mwili siku 3 kwa wiki, na hapo njia ya msituni yenye mizizi inaishinda lami.

Pwani Sana: Kabla ya kwenda Coco angalia maji, siyo saa. Yakipwa unapata mchanga mgumu, tambarare, mguu unakaa sawa. Yakijaa unabaki na mchanga mkavu wa mteremko: kisigino kinazama, kano za nyuma ya kifundo zinavutika, kesho yake unachechemea. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa moja asubuhi ya leo siyo ya wiki ijayo.

Bia Baridi: Mstaafu wa Dar na msitu wapi na wapi? Njoo Sinza, kuna miti mitatu na kivuli cha kutosha, viti tunatoa sisi.

Chandarua: Mnasahau mbu. Dengi iliitikisa Dar 2014 na tena 2019, na mbu wake anauma mchana, hasa asubuhi na kuelekea magharibi, saa zilezile za matembezi. Soksi ndefu, mikono mirefu, dawa ya kujipaka. Homa ikikushika usikimbilie aspirini wala diklofenaki, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Kapime kwanza.

Kitambaa Cheupe: Mleta mada, hilo la peku limetoka wapi? Una sukari?

Mti Mkavu: Ni kutaka kujua tu.

Kitambaa Cheupe: Hujajibu.

Mti Mkavu: Haya. Nina sukari, mwaka wa 9. Nyayo zina ganzi kidogo, kama nakanyaga sufi. Kwenye grupu la WhatsApp wanasema mchanga unaamsha mishipa, nimeanza wiki 2 sasa na sijaona tatizo lolote. Viatu vya bei sinunui, mkupuo wote wa mafao ya kustaafu umeishia kwenye shamba Kisarawe, nahamia huko. Mama watoto hataki, atanifuata mbele ya safari.

Kitambaa Cheupe: Hujaona tatizo kwa sababu huhisi. Hiyo ndiyo ganzi. Kipande cha chupa kinaingia asubuhi, unakigundua jioni kwenye soksi yenye damu, au hugundui. Mchanga wa saa sita unaunguza ngozi na wewe unaona raha. Mchanga hauamshi mishipa iliyoharibiwa na sukari.

Toka nje, ila na viatu. Vinunue jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Siku ya kwanza vaa nusu saa, vua, tafuta wekundu. Kila asubuhi ingiza mkono ndani kabla ya mguu: kokoto, msumari, tunda kavu la mvinje. Soksi za pamba, mshono ugeuze nje. Jioni osha, kausha katikati ya vidole, mafuta paka juu na chini lakini siyo katikati, fangasi wanapenda unyevu. Nyayo zitazame kwa kioo. Buti za shambani bila soksi, marufuku.

Unatumia dawa gani? Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Kama ni glibenclamide au insulini, pima kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L) kula kwanza. Mfukoni weka sukari vijiko vya chai 3. Ukitetemeka na kutoka jasho baridi, koroga kwenye maji, kunywa, kaa chini dakika 15, pima tena.

Mpiga Hesabu: Ngojeni wakuu. Posti ya kwanza anastaafu Desemba. Ya tatu, mkupuo umeshaishia shambani. Mkupuo gani huo unatoka kabla ya mtu kustaafu? Hii chai, yaani stori ya kutunga, tena ya maziwa.

Bia Baridi: Nilijua! Leteni vitumbua.

Mti Mkavu: Siyo chai. Nimekopa SACCOS, nitalipa mkupuo ukitoka. Nimeandika kwa mkato.

Mpiga Hesabu: Kwa hiyo umekula hela ambayo kikokotoo, ile hesabu ya mafao, hakijakupa. Riba inaanza leo, mfuko wa pensheni wakichelewa miezi 3 je?

Mnazi Mrefu: Tukianza kikokotoo uzi huu tutafunga Januari.

Pwani Sana: Tuache hela. Kisarawe unalala peke yako na sukari? Ikishuka saa tisa usiku nani anakukorogea hayo maji? Lala Kimara, shamba nenda siku mbili kwa wiki, rudi kabla ya giza. Msitu wa Pugu uko njia hiyohiyo, dakika 120 zinatimia bila kuhama.

Mti Mkavu: Fundi ameshachukua nusu ya hela ya nyumba.

Chandarua: Ajenge. Mabanda ya kuku nayo ni nyumba.

Kitambaa Cheupe: Chai au siyo chai, fanya hili usiku huu. Vua viatu, lala, fumba macho. Mama watoto aguse kwa ncha ya kidole chake, taratibu, bila kubonyeza, sekunde moja au mbili: kidole gumba, cha katikati na kidogo kabisa, miguu yote. Jumla 6. Kila ukihisi sema kulia au kushoto. Usipohisi viwili au zaidi, asubuhi nenda kliniki ya sukari, siyo Coco. Tupe mrejesho.

Mti Mkavu: Amegusa. Nimehisi viwili. Nilidhani bado hajaanza.

Kitambaa Cheupe: Kesho usinywe chai kabla ya kufika, huenda wakakupima kabla hujala. Na nenda na viatu.