Mjadala: Lugha ikiwa inakufa, mtoto ahesabu kwa lugha gani?

Mleta mada: Wakuu, jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Chanzo ni Kiarmenia cha Magharibi, lugha ya Waarmenia walionusurika mauaji ya 1915 kwenye Dola ya Osmani (Uturuki ya leo) wakatawanyika Beirut, Aleppo, Paris mpaka Los Angeles. UNESCO walishaiweka kwenye orodha ya lugha zilizo hatarini tangu 2010. Jamaa akasema wazazi waache kusumbua watoto na namba, mtoto aongee Kiarmenia nyumbani inatosha, hesabu afanye kwa lugha ya shule.

Nimekataa na bado nakataa. Namba zao ni meg, yergu, yerek, chors, hink, vets, mpaka hapo rahisi, kasuku naye anaweza. Kumi na mbili ni dasnergu (wale wa Yerevan, mji mkuu wa Armenia, wanasema tasnerku, herufi zilezile matamshi mengine). Sasa twende kwenye makumi: mbili ni yergu ila ishirini ni ksan, nne ni chors ila arobaini ni karasun! Hiyo huwezi kukisia, lazima uisikie dukani na jikoni kila siku, na mtoto anayehesabu chenji kwa Kifaransa ataisikia wapi? Halafu hawa ni watu ambao herufi zao 36 za Mesrop Mashtots, aliyewaundia alfabeti, kila moja ilikuwa na thamani yake ya namba, kuanzia 1 mpaka 9000, ndo maana kwenye mawe ya makaburi ya kale mwaka unausoma kwa herufi.

Mchangiaji: Mkuu unakuza mambo. Sisi wenyewe sita, saba, tisa ni za Kiarabu, na ishirini mpaka tisini zote. Tandatu na mfungate, sita na saba zetu za zamani, ziko wapi leo? Mfungate imebaki kwa maharusi tu kwenye fungate, kenda (tisa) wanayo wazee na washairi. Kiswahili kimekufa? Na haohao Waarmenia wakicheza nardi, ule mchezo wa ubao na kete (backgammon), dadu zikitua 6 na 5 wanasema shesh besh, sita ya Kiajemi na tano ya Kituruki, na mchezo unaendelea.

Mleta mada: Hapo kwenye shesh besh umenikamata, sibishi. Ila sita ilipoingia tuliifanya yetu, ukisema "mayai sita" bado unaongea Kiswahili. Mimi naongelea mtu anayehama lugha nzima kila ikifika bei, umri, saa, tarehe. Na tusiwacheke, maana mtu anapiga Kiswahili saa nzima, ukimwomba namba ya simu anaanza ziro seveni. Yule jamaa wa jana nilimwambia haya, taja ya kwako kwa Kiswahili. Kafika tarakimu ya nne, kanyamaza, karudi mwanzo, mwisho katoa simu mfukoni akawa anasoma.