Vinyuzi kwenye tangi la vifaranga wa samaki aina ya beta vinazidi kila nikivitoa, naombeni ushauri

Mfugaji wa Tabata: Wakuu, vifaranga wangu wa beta wanapungua na sioni mizoga. Kwenye kioo na kwenye majani kumeota vinyuzi vyeupe, vifupi kuliko ukucha, vyenye mikono kichwani. Nikivigusa vinajikunja. Navitoa kila siku, vinazidi. Nina oda ya mteja, usingizi sipati.

KisikiMpingo: Fuga perege mkuu. Bwawa langu Mkuranga lilitulisha nyumba nzima, mpaka kenge alipoligundua. Yule kenge tulimvizia usiku kucha na shemeji…

Mama Vifaranga: Hao ni haidra. Mikono yao ina seli za sumu, kiumbe mdogo akigusa anapooza, anamezwa. Huingia na majani au chakula hai. Unalisha nini? Na "navitoa" ndiyo kufanyaje?

Mfugaji wa Tabata: Nalisha kamba wachanga wa maji chumvi, walioanguliwa siku hiyohiyo.

Mama Vifaranga: Basi haidra nao wanashiba hapo. La pili hujajibu.

Mfugaji wa Tabata: Navikata kwa wembe humohumo tangini. Lakini nakata vipande vitatu, vinne, sifanyi mchezo. Na dawa ya minyoo ya mbuzi, fenbendazoli, nimeshanunua. Usiku huu naimimina.

Abuu Swabri: Kiumbe wa Mungu unamkatakata kwa wembe, kisha unaomba ushauri? Muogope Mola wako.

Zumbukuku: Chai hii. Kitu kikatwe vipande vinne na vyote viishi? Akaunti yenyewe ya jana.

Mwalimu wa Bayolojia: Si chai. Mwaka 1740 Mswisi Abraham Trembley, aliyekuwa akifundisha watoto wa kabaila Bentinck karibu na The Hague, Uholanzi, aliokota haidra wa kijani. Hakujua ni mmea au mnyama, akamkata vipande viwili: akiota, ni mmea. Vyote viwili vikakamilika, lakini vikatembea na kula! Alichapisha kitabu chake 1744. Kiwiliwili cha haidra kina seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zinazogawanyika muda wote. Hata kipande cha katikati hakipotezi mwelekeo: kichwa huota upande uliokuwa wa kichwa, mguu upande wa pili, ndani ya siku chache. Mkono peke yake ndio hauzai haidra. Na mwaka 1998 mwanabiolojia Daniel Martínez alitoa matokeo ya kuwafuatilia miaka minne bila kuona dalili za uzee.

Zumbukuku: Hazeeki tena? Mwalimu, ongeza sukari.

Mfugaji wa Tabata: Akaunti ya zamani nilipoteza namba ya simu. Nidanganye ili nipate nini? Wembe naacha, dawa naweka, hapo sirudi nyuma.

Mama Vifaranga: Dawa hiyo inawaua kweli. Hamisha konokono kwanza, wengi hawaiwezi, na punguza hao kamba. Ila oda uliyoitaja ni ya nini? Vifaranga si bado wachanga?

Mfugaji wa Tabata: Ya majani.

Mama Vifaranga: Ya tangi hilohilo?

Mfugaji wa Tabata: Niliyasuuza mara mbili. Mteja alishalipa, na ada ya shule ilikuwa inasubiri. Yamepanda basi la Mwanza leo asubuhi.

Mama Vifaranga: Kuyasuuza hakuwatoi, wanashika jani kwa mguu. Mpigie sasa hivi, asiyatie kwenye maji yake.