Wakuu, majitu ya kijani ya Battle Brothers yanapigwaje bila kupoteza mtu? Nina mpaka Jumamosi

Mpangaji wa Uani
Habari za jioni wanajamvi.

Niende moja kwa moja kwenye mada. Kuna gemu ya kompyuta inaitwa Battle Brothers, wanaoijua wanaijua. Unaongoza kampuni ya askari wa kukodiwa, mnapigana kwa zamu, wewe unasogeza watu wako na adui anasogeza wake. Mtu akifa ndiyo basi, hakuna kufufuka. Nimeanza kuicheza miezi miwili iliyopita nikiwa sijui kitu na nakiri imenikamata.

Shida yangu ni yale majitu ya kijani. Majambazi nawamudu, mbwa mwitu nawamudu. Haya majitu nimejaribu mara nne na mara zote nimelia. Yanakuja mbio, yanapiga ngao mpaka inapasuka, yakimaliza ngao yanamgeukia mwenye ngao.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie. Watu nawapangaje? Silaha zipi? Na mtu mpya wa leveli ya chini anaweza kupandishwa haraka kiasi gani? Hilo la mwisho ndilo kubwa. Nina mpaka Jumamosi.

Nawasilisha.

Kinyozi Mstaafu
Siti ya mbele. Nimeshika karanga.

Fundi Redio
Mkuu umekuja mahali pake. Gemu hiyo ya Wajerumani wa Hamburg, Overhype Studios, ilitoka rasmi 2017 na mimi mpaka leo sijapona.

Kosa la kwanza la wageni ni kuyafuata. Usiyafuate. Panga mstari, tulia, yaje yenyewe, na kama kuna kilima kaa juu yake maana aliye juu anapiga vizuri zaidi. Mbele weka wenye ngao. Nyuma yao weka wenye silaha ndefu zinazofika kwa kupita bega la mwenzake, na wapiga pinde. Beba nyavu za kurusha, jitu likinaswa limekupa muda wa kupumua. Halafu wawili wapige mmoja, watatu wapige mmoja, kila mwenzako anayemzunguka adui yuleyule anakuongezea asilimia 5 ya kumpata.

Usiamini sana hizo asilimia lakini. Gemu haikupi zaidi ya 95 hata umpige kipofu aliyelala. Mimi ile 5 iliyobaki imenizikia watu wengi kuliko malaria.

Kukimbia amua mapema. Ukishagusana na adui, ukigeuka tu anakupiga bure. Na hili wengi hawalijui: anayeanguka siyo lazima amekufa. Mkishinda, kuna wanaookotwa wakiwa hai ila na kilema cha maisha, jicho limetoka, pua haipo. Mkikimbia, aliyeanguka mmemwacha.

Kuhusu mtu mpya: mpe ngao, mweke pembeni, kazi yake iwe kubaki hai. Kumfikisha leveli ya 11 kwa siku tatu sahau. Sasa na mimi nina swali. Jumamosi kuna nini?

Mama Wawili Kigamboni
Samahani naingilia. Umeoa? Nauliza kwa sababu mume wangu alianza hivihivi na gemu la mpira. "Nina mpaka Jumamosi, kuna ligi." Siku moja nimemwachia maharage jikoni, nimeenda saluni nimesukwa kichwa kizima, narudi moshi mpaka kwa jirani na yeye yuko dakika za nyongeza. Sufuria ile sikuitupa. Nafugia kuku maji, ili aione kila asubuhi.

Mzee wa Baraza
Vijana, sisi tulikuwa na bao. Mashimo 32, kete 64, halihitaji umeme. Huyo anayelalamika mtu akifa harudi, ashukuru. Kwenye bao kete yako ikiliwa haifi, inahamia upande wa mwenzio na anakupigia nayo. Nimewahi kuliwa nyumba, lile shimo la kuwekea akiba ya kete, tukiwa bado kwenye namua, hatua ya kwanza ya kuingiza kete, hata mtaji hatujafika, na nyumba ilikuwa imejaa. Aliyenila alikuwa ananidai, deni nikalipa siku ileile kwa hasira.

Mpangaji wa Uani
Fundi Redio asante sana, nyavu sikuwa nazitumia. Jumamosi ni mambo binafsi tu mkuu. Naomba turudi kwenye leveli. Kama siyo 11, basi angalau 8?

Fundi Redio
Gemu haina Jumamosi. Siku zake unazisogeza mwenyewe, ukilala nazo zinalala. Jumamosi ya nani?

Abiria wa Mbagala
Mnamtesa bure, aanze na kitu chepesi. Mimi nilijifunzia Fire Emblem ya 2003 kwenye simu, ndani ya daladala. Ndiyo ya kwanza ya ukoo huo kuuzwa nje ya Japani, na kwao walikuwa nazo tangu 1990. Upanga unashinda shoka, shoka linashinda mkuki, mkuki unashinda upanga, basi, mtoto anaelewa. Nikampenda sana Florina, yule binti wa farasi mwenye mabawa. Nikamrusha mbele kwa mbwembwe, kumbe kuna mpiga upinde kajificha, na upinde kwa vinavyoruka ni sumu. Konda anadai nauli mimi macho yamejaa maji.

Na asilimia zake zinakudanganya kwa uzuri. Ikikuandikia 90, kwa jinsi inavyopiga hesabu ndani ni kama 98. Ndiyo maana mtu akitoka huko akija kwenye hii ya Fundi anaona kaibiwa. Baadaye, kwenye ile Awakening ya 2012, wakaruhusu uchague waliokufa warudi. Mimi sikuchagua. Florina hakurudi, wengine warudi kwa nini?

Mpangaji wa Uani
Sawa, niseme. Naomba msinicheke.

Kompyuta siyo yangu. Ni ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Kamaliza kidato cha sita, kaenda JKT kwa mujibu wa sheria, anarudi Jumamosi. Aliniachia akaniambia, "Shemeji, angalia filamu, cheza gemu, ila kampuni yangu usiiguse."

Nimeifungua mara moja tu, nione wazoefu wanavyopanga watu. Iko siku ya 70 na kitu, watu 12, vyuma mwili mzima. Nikaona kazi ya majitu ya kijani imebandikwa kijijini, malipo mazuri, nikasema kwa vyuma hivi haliharibiki neno.

Dogo amewapa watu wake majina ya nyumbani. Yuko Dada, yuko Bamdogo, yuko Dingi. Aliyefariki ni Dingi. Tulirudi nyuma kidogo, na yeye ndiye alikuwa mbele.

Fundi Redio
"Tulirudi nyuma kidogo" kwa lugha ya gemu inaitwa mlikimbia. Alikuwa ameanguka au bado anapigana?

Mpangaji wa Uani
Alikuwa ameanguka. Nikaona ameshakufa. Hilo la kuokotwa mkishinda nimelijua leo kwako.

Kinyozi Mstaafu
Subirini kwanza. Dingi wa shemeji yako si ndiye baba mkwe wako? Umemwacha mkweo porini na majitu ya kijani ukakimbia? Tena nimeingia kuangalia picha za hiyo gemu, watu wake wanaanzia kifuani kwenda juu, hawana miguu hata mmoja. Mmekimbiaje?

Mpangaji wa Uani
Mkuu usikuze mambo. Watu 11 wametoka salama kwa uamuzi wangu. Yeyote angefanya vile.

Na suluhisho ninalo, sikuja hapa kuulizwa kama ni sahihi. Nimeshaajiri mvuvi mmoja, mtu mzima kiasi, nimembadilisha jina anaitwa Dingi. Miji mingine humo ina kinyozi, nimempeleka akachongwa ndevu kama za marehemu. Kwa haraka huwatofautishi. Kilichobaki ni leveli tu, marehemu alikuwa 11, huyu yuko 2. Na zile nguo za chuma zilibaki na mwili.

Kinyozi Mstaafu
Kinyozi! Fani yangu imeheshimiwa. Ndevu za kijivu au nyeusi?

Mpangaji wa Uani
Za kijivu.

Mama Wawili Kigamboni
Kaka yangu, mvuvi ndevu utamchonga, uongo hauchongwi. Leo ni gemu, kesho ni ada ya shule. Mwambie mkeo kabla mdogo wake hajafika, na ukimwambia usianze na "nilirudi nyuma kidogo".

Fundi Redio
Kwa nini usirudishe seivu ya zamani?

Mpangaji wa Uani
Anacheza Ironman. Seivu ni moja, inajiseivu yenyewe. Nilijaribu kuzima kompyuta kwa kitufe, nikawa nimechelewa.

Abiria wa Mbagala
Mimi nataka kujua kitu kimoja. Familia nzima imo, wewe humo?

Mpangaji wa Uani
Nimo. Mpiga upinde, safu ya nyuma.

Abiria wa Mbagala
Kwa hiyo baba mkwe mbele, mkwe nyuma na upinde. Unaitwa nani humo? Gemu inaruhusu mtu kuwa na lakabu.

Mpangaji wa Uani
Shemeji.

Abiria wa Mbagala
Shemeji nani?

Mpangaji wa Uani
Shemeji Nusu Mahari. Ni utani wa dogo, hauna maana yoyote.

Kinyozi Mstaafu
Karanga zimenipalia.

Mama Wawili Kigamboni
Kumbe! Sasa mzee amefariki na deni limekufa. Nusu iliyobaki utamlipa mvuvi?

Mkaguzi wa Ndani
Wadau mmeingia mkenge. Mimi kazi yangu ni mahesabu, someni tena post ya kwanza: "nimejaribu mara nne." Sasa hivi anasema Ironman, seivu moja, hairudiwi, na ameifungua mara moja tu. Hiyo mara nne ameijaribia wapi, kichwani? Halafu kila mkiuliza swali moja linatoka jibu moja la kuchekesha zaidi ya lililopita. Mkwe, ndevu, mahari. Hii ni chai ya rangi, imetiwa tangawizi.

Kinyozi Mstaafu
Hata kama ni chai, mimi naomba kitumbua.

Abiria wa Mbagala
Nilishangaa na mimi. Mvuvi wa Kijerumani anavua nini?

Mzee wa Baraza
Kuna mtu hapa kanda yangu aliwahi kudai anacheza bao peke yake pande zote mbili na anafungwa. Tukamwamini mwezi mzima.

Mkaguzi wa Ndani
Alete picha. Au ni mtu wa matangazo, katumwa kuuza gemu.

Mpangaji wa Uani
Katumwa na nani jamani? Mimi nauza vocha.

Mara nne zile ni kampuni zangu mwenyewe. Kila ukianza unapewa watu watatu, unaajiri wengine mdogomdogo. Za kwangu zimekufa zote nne, ya mwisho ilifika siku ya 19. Sikuandika kwa sababu mngeniambia nisubiri nijue kwanza ndipo niguse vya watu. Na mngekuwa sahihi, ndiyo maana sikuandika. Picha siwezi, mke wangu kakaa karibu na anajua ninafanya hesabu za duka.

Fundi Redio
Mkaguzi tulia, hiyo ya kufa nne kabla ya siku ya 20 ni kweli tupu, hakuna anayejitungia aibu hiyo. Kufa na majitu kabla hujawa na vyuma ni shule ya msingi.

Ila mkuu, mvuvi wako hakusaidii kitu hata akifika leveli ya 11. Kuna ukurasa wa marehemu. Kila aliyekufa kwenye kampuni anaandikwa humo: jina, amekaa siku ngapi, mapigano mangapi, ameua wangapi, kauawa na nini. Haufutiki. Dogo akiufungua atakuta Dingi kazikwa na Dingi yuko kambini anakula.

Mpangaji wa Uani
Ukurasa upi? Uko wapi?

Mama Wawili Kigamboni
Kimya dakika arobaini. Kazimia.

Mkaguzi wa Ndani
Anatunga sehemu ya pili.

Mpangaji wa Uani
Nimeufungua.

Dingi yumo, siku 71, mapigano 44, kaua 103. Nimesoma nikajisikia vibaya kweli, sitanii. Juu yake kuna majina manane.

Matatu ni Shemeji.

Kinyozi Mstaafu
Ngoja. Matatu?

Mpangaji wa Uani
Shemeji siku 6, mbwa mwitu. Shemeji siku 4, jambazi. Shemeji siku 15, jitu la kijani. Kila nilipokufa kaajiri mwingine kampa jina langu. Huyu mwenye upinde ni wa nne. Dada hajafa hata mara moja. Bamdogo hajafa.

Fundi Redio
Mapigano je? Waliua wangapi?

Mpangaji wa Uani
Wa kwanza sifuri. Wa pili sifuri. Wa tatu mmoja.

Mkaguzi wa Ndani
Huyo mmoja alikuwa nani?

Mpangaji wa Uani
Ukurasa hausemi.